Historia ya kanisa imo kwenye kaunta buku ya karani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme na makanisa ya Kibaptisti yanayojiandaa kwa jubilii, hasa zile kamati zinazopewa miezi miwili kuandika kijitabu cha historia. Vijitabu hivi hufanana sana: picha ya mchungaji wa kwanza, orodha ya waliomfuata, picha ya mgeni wa heshima, basi. Washiriki wenyewe hawamo.

Kwa Wabaptisti kosa hili ni zito kuliko kwa jirani zao. Parokia ya Kikatoliki ina jimbo nyuma yake, na Kanisa la Uganda (Anglikana) lina nyaraka za maaskofu zinazotunzwa chuoni Mukono. Kanisa la Kibaptisti hujitawala. Humwita mchungaji lenyewe, hupokea mshiriki lenyewe, hununua kiwanja lenyewe, na yote hayo huamuliwa kwa kura ya mkutano wa washiriki. Hakuna askofu anayebaki na nakala. Ripoti za wamisionari wa Southern Baptist, Wabaptisti wa Marekani, zilikwenda kwao, na hata huko zinaeleza kazi ya misheni, si ile siku mlipopiga kura kununua mabati. Karani akifariki na kaunta buku zake zikaishia kufungia karanga sokoni, hakuna pa kuziulizia tena.

Ugomvi wa kwanza katika kamati huwa ni mwaka wa kuanza. Kwa kawaida ziko tarehe tatu, na zote ni za kweli: siku watu walipoanza kusali nyumbani kwa fulani au chini ya mwembe, siku kanisa mama lilipolitambua kundi hilo kuwa tawi lake, na siku tawi lilipoundwa kuwa kanisa kamili, likasoma agano, likachagua mashemasi, karani na mtunza hazina. Andikeni zote tatu na mseme mnasherehekea ipi. Msichukue mwaka 1962 kwa sababu tu ndipo Southern Baptist walipoanza kazi Uganda. Huo ni mwaka wa misheni. Na wako Wabaptisti hapa nchini ambao hawakutoka katika misheni hiyo kabisa.

Kitabu cha washiriki kisomwe taratibu. Mtu huingia kwa njia tatu: ubatizo wa maji mengi, barua ya uhamisho kutoka kanisa jingine, au kurudishwa baada ya kutengwa. Hutoka kwa kifo, kwa barua au kwa kuondolewa. Kamati ikijumlisha waliobatizwa tu na kuwaita "washiriki wetu", inawahesabu waliohamia Jinja na waliolala makaburini, na inawasahau waliokuja na barua. Kumbukeni pia kwamba Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga, kwa hiyo tarehe ya ubatizo haiwezi kutumika kukisia umri wa mtu kama inavyofanyika kwa vitabu vya parokia.

Kisha mtakuta pengo. Septemba 1977 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku mashirika 27 ya dini, Wabaptisti wakiwemo. Kaunta buku nyingine zinaishia hapo na kuanza tena baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979. Msilizibe pengo hilo kwa sentensi ya "kanisa liliendelea kukua". Ulizeni: watu walikutana nyumba ya nani, siku gani ya juma, nyimbo ziliimbwa kwa sauti au la, sanduku la vitabu lilifichwa wapi, nani alibatiza na mto gani. Mtapata majibu, na mengi yatatoka kwa kina mama, maana nyumba na jiko vilikuwa vyao.

Wazee hawakumbuki mwaka, wanakumbuka tukio. Badala ya "ilikuwa lini?", uliza: kabla au baada ya Wahindi kufukuzwa (1972)? Kabla au baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Luwum (Februari 1977)? Museveni alikuwa ameshaingia Kampala (Januari 1986)? Na wahojini mmoja mmoja kwanza, ndipo muwaweke pamoja. Mkianza na kikao, mwenye sauti kubwa atakumbuka kwa niaba ya wote.

Hesabu za mtunza hazina zina mtego wake. Mei 1987 shilingi mpya moja ilichukua nafasi ya shilingi za zamani 100. Sadaka iliyokuwa 40,000 ikashuka ghafla hadi 400, na kamati isiyojua inaandika kwamba imani ilipoa mwaka huo! Kila kiasi cha kabla ya hapo kiandikwe "shilingi za zamani".

Karatasi za kiwanja nazo zichunguzwe kabla ya kupigwa picha za kijitabu. Hati yenye tarehe ya 1988 na muhuri wa LC1 ina kasoro, kwa sababu wakati ule baraza la kijiji liliitwa RC1. Hati ya 1974 inayotaja wilaya ya Sironko haiwezi kuwa ya 1974, kwani Sironko ilikatwa kutoka Mbale mwaka 2000. Si lazima iwe ya kughushi. Huenda mtu aliinakili upya baada ya ile ya kwanza kuliwa na mchwa. Lakini hiyo ni nakala, na iitwe hivyo. Angalieni pia jina la mnunuzi: likiwa la mchungaji badala ya la wadhamini wa kanisa, jambo hilo ni la mwanasheria kabla ya kuwa la historia.

Kuhusu karatasi zenyewe: ondoeni pini na stepo zilizoshika kutu, msizibe michaniko kwa selotepu (inageuka rangi na kula wino), msizipeleke kufunikwa plastiki. Andikeni maelezo kwa penseli nyuma ya picha. Pigeni picha ya kila ukurasa kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, na jalada nalo, kisha faili ipewe jina linaloanza na mwaka: 1983-06-19. Vitabu vikae ndani ya sanduku la bati juu ya matofali, mbali na ukuta, wala si katika stoo ya saruji.

Neno moja la tahadhari. Kaunta buku hizo zina mashauri ya nidhamu: nani alitengwa, kwa kosa gani. Idadi na utaratibu vinaweza kuchapishwa. Majina yaachwe, wajukuu wao wako kwenye benchi. Kanisa likiwa liliwahi kugawanyika, pande zote mbili zihojiwe, na kura iliyopigwa iandikwe kwa tarakimu kama karani alivyoiandika.

Nakala za picha ziwe tatu: moja ofisini kwa kanisa, moja kwa karani, na moja kwenye kanisa mama, kama bado mnasalimiana.

Sisi makarani wa makanisa ya Kibaptisti,
Mbale