Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kuwafuata vijana wetu hukohuko chuoni

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, wadogo zangu habari za kazi. Tulikubaliana taarifa niitume humu mapema ili tukikaa mkutanoni tujadili tu, kwahiyo someni yote hata kama ni ndefu. Mambo ya hela mhazini anayo taarifa yake na risiti zote.

Mnakumbuka tangu chama chetu cha watu wa Kasulu kianze kazi yetu kubwa ilikuwa mahafali. Mtoto wa Kasulu akimaliza Mlimani au Udom tunachanga, pilau linapikwa, anavishwa taji la maua, picha zinapigwa. Ni jambo zuri na hata mimi nilivishwa. Ila mwaka jana mzee wetu mmoja aliuliza, mbona wengine tuliwasindikiza stendi na mabegi yao halafu siku ya taji hatukuwaona? Ukumbi ulikaa kimya kabisa. Ndo tukaamua sehemu kubwa ya michango iende kwa mwaka wa kwanza, kila mtoto awe na mlezi wake anayempigia simu kila Jumapili.

Mwaka mzima nimefuatilia hizi simu na ninachokiona ni kwamba mtoto anapotea wiki ya tatu au ya nne, UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, inakuja kutangaza tu kitu kilichotokea zamani. Fikiria huyu ametoka bweni fomu siksi, kengele inamwamsha, mwalimu wa zamu anamhesabu, asipoonekana prepo anatafutwa. Sasa yuko hosteli, akilala siku tatu hakuna wa kumuuliza, na koswek, yaani maksi za test na kazi za katikati ya semista, ndo inaondoka hapo, vyuo vingi ni 40 ya koswek na 60 ya UE, ukishapoteza hizo za mwanzo unabaki unapanda mlima.

Kuna binti wetu mmoja, chuo sitakitaja. Mlezi wake alipiga Jumapili akajibiwa "niko poa dada" ila sauti ikawa haiko poa, kesho yake jioni akapanda daladala akamfuata. Kumbe binti alienda kwenye test saa moja asubuhi, akakaa peke yake darasani na peni na kalkuleta mpaka saa mbili akijua amewahi. Test ilikuwa imehamishiwa ukumbi mwingine, tangazo CR, kiongozi wa darasa, alilitupia usiku kwenye grupu la whatsapp, na yeye alikuwa na kitochi. Na hiyo ilikuwa ya pili kumpita hivohivo! Aliona aibu kusema hana simu kubwa. Mlezi akaenda naye kwa mwalimu wa somo, test moja akarudishiwa, ile nyingine ikaenda. Alipata sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, akaifanya mwezi wa tisa akatoka, saivi anaingia mwaka wa pili. Simu anayotumia ina ufa kwenye kona ya kioo, ilikuwa imelala kwenye droo ya mwanachama mwenzetu. Baada ya hapo wengi mlitoa simu zenu za zamani na nawashukuru sana, sidhani kama kuna hela tuliyowahi kuchanga iliyofanya kazi kuliko hizo simu.

Kuhusu bumu. Mnajua hela ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilipanda toka 8,500 ikawa 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, ila inaingia kwa mkupuo, na mtoto ambaye hajawahi kushika laki kadhaa kwa pamoja, nyumbani nao wanapiga simu bati limetoboka, mdogo wako kafukuzwa ada, anatuma. Katikati ya semista anapiga pasi ndefu na mtu mwenye njaa hasikii lekcha. Walezi wawili walikuja na wazo zuri, bumu likiingia tu kijana anamlipa mama ntilie hela ya mchana ya mwezi mzima, daftari linasainiwa kila siku. Naomba wote tuige.

Wapo pia waliokosa mkopo kabisa kwasababu fomu ilijazwa vibaya, jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha fomu foo, au yatima ambaye cheti cha kifo cha baba hakijawahi kufuatiliwa, wakati RITA, ofisi ya serikali ya vyeti vya vizazi na vifo, lazima wakihakiki. Hili ni la kwetu sisi tulioko nyumbani, tuwatafute wakiwa bado fomu siksi, tusisubiri matokeo.

Diskasheni za Jumamosi zinaendelea vizuri, watoto wanaelezana kwa Kiswahili kwanza wakishaelewa ndo wanaandika kwa Kiingereza, hata wale waliokuwa wanajificha nyuma kwenye semina wameanza kunyoosha mkono.

Sasa la kuumiza. Kijana wetu mmoja amedisko, yaani ameondolewa chuo kwa kufeli, na tulichelewa kujua. Mlezi wake alihama kikazi, mimi nikasema nitampangia mwingine, nikachelewa, semista ikaisha. Tumekuja kumkuta stendi anaendesha bodaboda na mama yake bado anauza maharage akijua anatuma hela chuoni. Nimeenda kwa yule mama nimemwomba radhi uso kwa uso na kijana tumeshaongea, anataka kuomba tena chuo, tutakuwa naye. Kuanzia sasa hakuna mtoto kukaa wiki mbili bila mlezi, katibu ameshatengeneza orodha.

Najua kuna wanaolalamika mahafali ya mwaka huu yalikuwa soda na keki tu. Nimewasikia, ila msimamo wangu ni huohuo na mkitaka kuubadilisha kura ipo mkutanoni.

Simu za zamani pamoja na chaja zake zimfikie katibu kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa, na wanachama mlioko Morogoro tunahitaji walezi wawili huko, bado hatujapata.