Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Habari za majaribio ya tiba ya kisukari aina ya kwanza ziwafikie wagonjwa kabla muda haujapita

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Kwa heshima na taadhima, ninakuandikia nikiwa mzazi wa binti mwenye kisukari aina ya kwanza. Majaribio ya tiba za ugonjwa huu yanaendelea katika nchi mbalimbali, lakini wazazi wengi ninaokutana nao kliniki hawajawahi kuambiwa kwamba yapo, wala namna ya kuyatafuta, wala masharti ya kujiunga nayo.

Muda ndio unaotunyima nafasi. Katika aina hii ya kisukari, mara nyingi kinga ya mwili ndiyo inayoziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na siku mtoto anapogunduliwa baadhi ya seli hizo huwa bado zinafanya kazi. Majaribio mengi yanayolenga kuzinusuru hupokea watu ambao hawajapitisha siku 100 tangu wagunduliwe. Jaribio la teplizumab, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, lililoitwa PROTECT, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023, liliwachukua watoto na vijana wa miaka 8 hadi 17 ndani ya wiki 6 tu tangu wagunduliwe. Kwetu wiki hizo huisha mzazi akiwa bado anajifunza kumchoma mwanawe sindano, kutafuta vijiti vya kupimia sukari na kuihifadhi insulini katika nyumba isiyo na jokofu, na hapo sijawataja watoto wanaotibiwa malaria kwanza hadi wanafikishwa hospitali wakiwa hawajitambui.

Rejista za majaribio zipo, na ziko wazi kwa kila mtu. Ile ya Marekani, ClinicalTrials.gov, ilianza mwaka 2000, na Afrika tuna rejista yetu inayoendeshwa kutoka Afrika Kusini. Hata hivyo, zimeandikwa kwa Kiingereza cha watafiti, na mkulima wa Namtumbo aliyeishia darasa la saba hawezi kusoma humo akajua kama mwanawe anafaa au hafai. Ninaomba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa kushirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ielekezwe kuandaa orodha ya Kiswahili inayoeleza kila jaribio linahusu ugonjwa gani, linapokea watu wa umri gani, mwisho wa kujiunga ni siku ngapi tangu kugunduliwa, linafanyika wapi na nani wa kuulizwa. Pale ambapo hakuna jaribio lolote la kisukari aina ya kwanza nchini, orodha iseme hivyo bila kuficha. Nakala yake ikabidhiwe mzazi kliniki katika juma lile lile mtoto anapogunduliwa.

Zipo sababu za kitaalamu za kutaka watoto wetu wahusishwe, mbali na haki yao. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini kwa watu karibu 900 waliougua wakiwa vijana na kuhesabiwa kuwa wa aina ya kwanza. Takriban theluthi mbili hawakuwa na kingamwili zinazotarajiwa katika ugonjwa huu, yaani alama za damu zinazoonyesha kwamba kinga ya mwili inazishambulia seli za kongosho. Ikiwa hali ni hiyo kwa jirani zetu, basi dawa ya kutuliza kinga ya mwili iliyojaribiwa Ulaya na Marekani pekee haiwezi kuchukuliwa kwamba itawafaa watoto wa Kigoma au Pemba bila wao kupimwa. Wala hatuanzi sifuri: Bagamoyo na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo vya jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza mwaka 2009 na kuhusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Wataalamu wa kuendesha kazi hiyo tunao.

Sisemi kila mzazi akimbilie kumwandikisha mwanawe. Ridhaa ya kweli inataka aelezwe, kwa lugha anayoielewa, kwamba mtoto anaweza kuangukia kundi lisilopewa dawa inayojaribiwa, kwamba insulini itaendelea vilevile, kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma, na nini kitafuata jaribio likiisha. Nauli na malazi ya familia inayotoka mbali vipangwe mapema, la sivyo watakaoshiriki ni wakazi wa Dar es Salaam peke yao.

Jambo la mwisho ndilo linalonitia hofu zaidi. Habari sahihi zikikosekana, nafasi yake huchukuliwa na wauzaji wa dawa wanaodai wako katika utafiti, wanaotoza fedha na kumwambia mzazi aache insulini. Mtoto wa aina ya kwanza akiachishwa insulini anaweza kufariki ndani ya siku chache. Orodha ninayoiomba itampa mzazi mahali pa kuhakiki kabla hajatoa fedha wala kumwachisha mtoto sindano.

Ninaomba Wizara itutangazie ni idara gani itakayoshughulikia ombi hili na lini orodha ya kwanza itakuwa tayari.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Morogoro