Kabla Hujatoa Pesa za Gari

Kisauni, Mombasa

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na wote wa nyumbani, na kwamba goti la mama, Bi Mkubwa, limepata nafuu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mko watu saba, mmoja wenu hawezi kukunja goti, kila Ijumaa ni safari ya Msambweni, na mkirudi mna nazi na magunia. Pesa ni za kuhesabu. Umeonyeshwa magari matatu ya Toyota, yote ya dizeli: Noah ya zamani huko Bamburi, Prado huko Nyali, na Hiace huko Changamwe. Nikujibu mapema usije ukasoma kwa wasiwasi: kaitazame Hiace. Ikipita majaribio haya ninayokuandikia, inunue. Isipopita, subiri nyengine. Usikimbilie zile mbili kwa kuchoka kutafuta.

Kwanza jifunze kusoma namba ya chesi, maana muuzaji atakwambia “dizeli, injini nzuri” na ataishia hapo. Katika Toyota hizi, herufi za mwanzo ndizo zinazotaja injini. Hiace ikianza na LH, ndani mna injini za ukoo wa L, kama 3L au 5L. Ikianza na KDH, ni 2KD ya cc 2,494 au 1KD ya cc 2,982. RZH na TRH ni za petroli, hata mtu akuapie. Prado ya KZJ ina 1KZ, na ya KDJ ina 1KD. Noah hiyo, kama ni CR, ina 3C-T.

Hiyo Noah iache. 3C-T ni injini ndogo, cc 2,184, imetiwa turbo, feni ya kusukuma hewa ndani ya injini, na kufungiwa chini ya viti vya mbele ambako hewa haipiti vizuri, na maji husafiri njia ndefu mpaka kufika kwenye rejeta. Ikichemka mara moja tu hedi, yaani kichwa cha injini, inaweza kupasuka, na joto la pwani hulijui wewe? Bei yake ni ya chini kwa sababu hiyo hiyo.

Prado ni gari zuri na silisemi vibaya. 1KZ-TE ina nguvu za kupanda mlima hali imebeba watu. Lakini hedi yake ni ya alumini na haivumilii kuchemka, hupata ufa kati ya valvu, na gari la umri huo limepita mikononi mwa watu wengi. Halafu mfikirie mama. Ngazi ya Prado ni ndefu, na viti vya nyuma kabisa mtu hukaa magoti yakimfikia kidevuni. Mkishakaa saba, gunia moja la nazi halina pa kuwekwa.

Hiace ina mlango wa kusukuma, kidaraja kiko chini, na mama anaweza kukaa kiti cha kwanza nyuma ya dereva akanyosha mguu. Kama ni ya 5L, jua unanunua injini ya cc 2,986 isiyo na turbo, na nyingi zina pampu ya dizeli ya kawaida isiyo na kompyuta. Haina haraka. Pale mlima wa Mazeras malori matupu yatakupita, ukubali. Lakini fundi yeyote wa hapa anaijua, spea zake zimejaa, na ikiharibika huanza kukwambia siku nyingi kabla. Kama ni KDH, itakuwa nyepesi zaidi barabarani na itakula mafuta kidogo, ila injekta zake, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, ni ghali na hazipendi uchafu wala maji. Kwa 1KD sikiliza hasa mgongano mkali ikiwa baridi. Washa za shaba, zile pete zinazokaliwa na injekta, zikichoka, moshi hupenya ukaingia kwenye oili, masizi yakaganda na kuziba chujio lililo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili haipandi tena, na mwenye gari hujua siku turbo au bearingi za injini zinapokufa. Kwa hiyo ukiipenda KDH, sharti sampu ifunguliwe na chujio litazamwe kabla hujatoa hata shilingi. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani.

Uliuliza pia juu ya Mazda CX-5 ya dizeli. Ni ya watu watano, basi hapo habari imekwisha. Lakini hata kwa mtu mwengine wa mjini ningemwonya: ekzosi yake ina kichujio cha masizi kinachohitaji mwendo mrefu wa barabara kuu ili kijichome na kujisafisha. Kwa foleni za Kongowea na Makupa huziba, na dizeli ile ya kuchomea masizi huteremka ikachanganyika na oili. Ukiona kijiti cha oili kinaonyesha kiwango kimepanda juu ya alama, gari hilo limeanza shida hiyo.

Sasa majaribio. Mpigie muuzaji simu usiku, umwambie gari lisiwashwe kabla hujafika. Fika asubuhi mapema. Inua kiti cha mbele, ushike injini kwa kiganja. Ikiwa ina uvuguvugu, imewashwa ili kukuficha jambo, na hapo mwambie utarudi siku nyengine. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta kabla ya kuwasha na uangalie kwa tochi. Maji yawe na rangi ya kulanti, ile dawa ya kupozea injini, mfano nyekundu au kijani. Maji ya kahawia yenye kutu maana yake ni kwamba gari limekuwa likitiwa maji ya kisima, na visima vyetu unavijua vilivyo na chumvi. Chumvi hiyo hula rejeta na kupaka magamba njia za maji ndani ya injini. Pitisha kidole ndani ya shingo ya rejeta: ukitoka na utelezi wa mafuta, hedi gasketi (ile inayoziba kati ya hedi na injini) au hedi yenyewe imeachia.

Washa sasa. Subiri taa ya hita plagi, zile plagi za kupasha silinda moto, izime, kisha piga stata. Injini nzima huitika mara moja au mbili. Moshi mweupe kidogo kwa sekunde chache si neno, ila ukiendelea huku injini inatetemeka kwa miguu mitatu, yaani silinda moja haichomi, ama hita plagi zimekufa ama kompresheni imeshuka. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi mweusi ukikanyaga ni mafuta mengi kuliko hewa: filta ya hewa imeziba, nozo za kupulizia dizeli zimechoka, au pampu ya dizeli imechokolewa na fundi ili gari lipate nguvu.

Kifuniko cha rejeta bado kiwe wazi. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, ni hewa ya moto kutoka ndani ya silinda. Kikishafungwa, minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja, na maji bado ni baridi, hedi ina ufa au gasketi imeachia. Halafu fungua kifuniko cha oili, kigeuze juu chini na ukilaze pale pale kwenye tundu lake injini ikiunguruma. Kikicheza kidogo, sawa. Kikirushwa na moshi ukipumua kama birika la chai, ringi za pistoni na silinda zimelika, na kazi hiyo ni ya kufungua injini nzima.

Mwulize pia kama thamostati ipo, ile valvu inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto. Mafundi wengi wa pwani huing'oa wakidhani wanaipoza injini. Katika Toyota nyingi thamostati ndiyo pia inayoziba njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji ya moto huzunguka na kurudi injini bila kupita rejeta, na mlimani gari huchemka zaidi. Kuikosa kunakwambia kwamba gari hili liliwahi kuchemka na mtu akatafuta dawa ya mkato.

Kisha lipeleke gari Mazeras, AC zote mbili za mbele na nyuma zikiwa wazi, na watu wanne au watano ndani. Kuliendesha mtaani tu hakukuonyeshi kitu. Kutoka Miritini panda bila kuachia, jicho kwenye geji ya joto: ikishafika mahali pake isisogee. Ukifika juu zima gari, ungoje dakika 10, kisha uwashe. Hapa ndipo pampu ya dizeli iliyochoka hujisema. Gari linalowaka vizuri asubuhi na kukataa likiwa moto, ukalimwagia pampu maji baridi likawaka, pampu yake imelika ndani na dizeli moto inavuja pembeni badala ya kwenda kwenye nozo. Chukua chupa ya maji kwa ajili hiyo. Injini ikiwa bado moto na imezimwa, sukuma feni kwa kidole: ikizunguka kirahisi mizunguko kadhaa, klachi ya feni imekufa, na hiyo peke yake inatosha kuchemsha gari.

Sasa kutu, maana gari la Mombasa huliwa na upepo wa bahari kabla ya kuliwa na kilomita. Lala chini na bisibisi. Gonga chesi, hasa nyuma ya magurudumu na mahali springi zinaposhikwa. Sauti iwe ya chuma, si ya bati. Angalia mabomba ya breki, mikanda inayoshika tangi, ukingo wa chini wa mlango wa kusukuma na mifereji ya paa. Ukikuta rangi nyeusi mbichi imepakwa chini kote, chokoa. Ikitoka vipande na bisibisi ikazama, usiendelee.

Na ujue kama Hiace hiyo ilikuwa matatu. Tangu zile sheria za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, matatu zilitakiwa kuwa na mstari wa manjano ubavuni. Rangi inaweza kubadilishwa, lakini wapakaji ni wavivu wa pembe. Fungua kifuniko cha tangi, vuta mpira wa mlango, angalia nyuma ya bampa. Inua zulia uhesabu matundu ya bolti sakafuni, maana viti vya abiria 14 huacha alama zisizofichika. Gari hilo limesimama na kuondoka mara elfu kwa siku. Klachi, gia ya pili na roli za mlango huwa zimekwisha. Mimi singelichukua kwa bei ya gari la nyumbani.

Karatasi ni fupi ila usizipuuze. Fanya utafiti wa umiliki wa gari katika mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ulinganishe jina, namba ya chesi na namba ya injini na zile zilizochongwa kwenye chuma. Injini ikiwa imebadilishwa na namba haikubadilishwa kwenye rekodi, kazi ya kurekebisha ni ya muuzaji, si yako. Jina la benki au mkopeshaji likiwemo kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari, deni bado lipo. Na angalia matumizi yaliyoandikwa: gari la kuchukua nyumbani lisiwe limesajiliwa la abiria, maana bima yako inaweza kukataa kulipa. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake mbele yako, uukubali kwenye yako, ndipo umalize malipo.

Kuhusu pesa: kama una laki tano, tafuta gari la laki nne. Ile moja ni ya wiki ya kwanza. Oili na filta zote, kulanti mpya na maji yasiyo na chumvi, thamostati, mipira ya rejeta, na taimingi belti, mkanda unaoendesha valvu kwa zamu yake, pamoja na tenshona inayoukaza na pampu ya maji. Belti kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi si ushahidi, kwa sababu inaweza kuzimwa bila belti kuguswa. Ikikatika, valvu hugongana na pistoni, na huenda ukanunua injini. Kama muuzaji hana risiti ya belti, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Ukishalipata, jaza dizeli kituo kimoja chenye wateja wengi, usiende kwa mitungi ya kando ya barabara. Mafuta ya taa yalikuwa yakichanganywa sana, hata serikali ikayatoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili kuzuia mchezo huo. Pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni makavu. Usiliache tangi nusu usiku kucha, unyevunyevu wa huku hugeuka maji ndani. Kila mwezi legeza skrubu ya chini ya filta ya dizeli, uyatoe maji mpaka itoke dizeli tupu.

Jumamosi chukua tochi, bisibisi, kitambaa, chupa ya maji na fundi wako mwenyewe, si yule wa muuzaji. Nipigie picha ya bamba la chesi na ya maji ya rejeta kabla hamjawasha, nitakujibu papo hapo. Msalimie shemeji, na Bi Mkubwa mshikie mkono.

Ni mimi sahibu yako