Wafanyabiashara wa Kisumu wanauziwa hewa

Mhariri,

Kila shule zikikaribia kufunguliwa, maduka ya Kisumu hukimbilia redio, na msimu ukiisha malalamiko ni yale yale: pesa zimeenda, wateja hawakuja, redio hailipi. Redio inalipa. Shida ni jinsi tunavyonunua. Mtu asiyeweza kuchukua gunia la maharagwe soko la Kibuye bila kutia mkono hadi chini, anatia sahihi kifurushi cha matangazo 40 bila kuuliza yatatoka saa ngapi.

Hapo ndipo anapopigwa. Maneno ya kutafuta kwenye mkataba ni "muda wowote". Maana yake kituo kitaliweka tangazo popote penye nafasi, na nafasi hubaki pale ambapo hakuna aliyenunua: kuanzia saa sita usiku hadi majogoo. Yale matangazo ya "nyongeza ya bure" nayo huangukia huko huko.

Chukua mfano wa Sh60,000, kabla ya VAT ya asilimia 16, yaani Sh9,600 ambazo wengi hukumbushwa siku ya kulipa. Kwa Sh1,500 kila moja, unapata matangazo 40. Yakitandazwa wiki nne, ni moja na nusu hivi kwa siku. Anayefungua redio kwa muda wa saa mbili tu kwa siku huenda asilisikie kamwe, na akilisikia mara moja atakuwa amelisahau kabla chai haijapoa. Pesa hizo hizo zikinunua saa ambazo tangazo moja ni Sh2,500, unapata 24. Ni machache, lakini yaweke Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, manane kwa siku: manne kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, manne jioni watu wakirudi nyumbani. Jumapili Kibuye ikifurika, mteja ameshalisikia mara tatu au nne. Wanaojua kazi hii huhesabu mambo mawili, watu wangapi wamefikiwa na kila mmoja amesikia mara ngapi. Kifurushi cha bei ya chini huua hilo la pili.

Hata hiyo bei ya tangazo moja hudanganya. La Sh1,500 likisikika na watu 5,000, umelipa Sh300 kwa kila watu elfu. La Sh2,500 likisikika na watu 25,000, umelipa Sh100. Hizi ni hesabu za mfano; za kweli mwulize muuzaji, naye aonyeshe amezitoa wapi. Mamlaka ya Mawasiliano huchapisha ripoti zinazogawa wasikilizaji kwa maeneo, kwa hivyo akijigamba kwamba kituo chake ni namba moja, mwulize ni namba moja wapi. Ramogi FM husikika Kisumu, na Nairobi pia. Kwa kampuni ya mabasi, huo ni utajiri. Kwa duka moja la magodoro Kondele, kila msikilizaji wa Kariobangi, Nairobi, ni pesa iliyomwagwa. Kituo cha hapa hapa kama Radio Lake Victoria kinaweza kuwa na wasikilizaji wachache zaidi, lakini wengi wao wako umbali wa nauli ya matatu moja. Na anayewataka wateja wa Luanda na Mbale, kule Vihiga, asijifungie kwenye vituo vya Dholuo, lugha ya Wajaluo. Huko atanunua Kiswahili au Kiluhya. (Usitarajie wakala wa matangazo akushauri upunguze matumizi. Kwa desturi ya biashara hii hukatiwa asilimia 15 hivi ya kile unacholipa, kwa hivyo bajeti yako ikinenepa, naye hunenepa.)

Tukija kwa maneno yenyewe, sekunde 30 za Kiswahili kisichokimbizwa hubeba maneno 60 hivi. Sasa sikiliza matangazo yetu: "Je, umechoka kutafuta bidhaa bora kwa bei nafuu? Usitafute tena! Karibu upate huduma za kipekee kutoka kwa wahudumu wenye tajriba." Maneno 20 yamekwisha, na yangemfaa muuza saruji sawasawa na kinyozi. Kisha inasomwa nambari ya simu: tarakimu kumi, sekunde tano. Ikirudiwa, theluthi ya tangazo imeliwa, na mwendesha boda hana kalamu. Jaribu hivi: "Godoro la nne kwa sita, shilingi elfu saba, Jumamosi na Jumapili tu, mlango wa buluu mkabala na steji ya Kondele." Haya pia ni maneno 20. Bidhaa imo, bei imo, siku zimo na mahali pamo, na bado una 40 ya kurudia bei na mlango.

Kuna pia kutajwa na mtangazaji mwenyewe katikati ya kipindi. Hufanya kazi vizuri mno, kwa sababu msikilizaji humwamini mtangazaji kama jamaa yake, na kwa sababu hiyo hiyo kuna hatari. Hakuna mlio wa kutenganisha tangazo na kipindi. Dawa ya mitishamba "inayomaliza kisukari" husifiwa kwa sauti ile ile iliyotoka kutaja ajali ya barabarani, na mama aliye jikoni hajui kwamba dakika hiyo imelipiwa. Hapa lawama ni ya vituo. Kusema "haya ni matangazo" huchukua sekunde mbili, na mfanyabiashara wa haki hapotezi chochote. Kwa mnunuzi kasoro ni nyingine: hakuna kilichorekodiwa mapema, kwa hivyo kipindi kikichelewa, sekunde 30 huwa kumi, na bei husahauliwa. Mwandikie mtangazaji mistari mitatu, jina la duka likitangulia, naye aisome ilivyo.

Wiki ikiisha, dai cheti cha urushaji, yaani orodha ya tarehe na saa ambazo kila tangazo lilitoka, uilinganishe na mkataba. Mechi hurefuka, mitambo hukatika, hotuba ya Rais huingia, na matangazo huruka. Yaliyoruka yarudishwe katika saa zile zile ulizolipia, wala si usiku wa manane. Sharti hilo liandikwe kabla ya sahihi, na robo ya malipo ibaki mfukoni mwako hadi cheti kifike.

Mtayarishaji wa matangazo,
Milimani, Kisumu