"Stomach" si tumbo kila mahali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie neno moja tu la Kiingereza, ambalo kwa miaka yote niliyofundisha lugha hiyo katika shule za sekondari nimeliona likiwaponza wanafunzi, na ambalo siku hizi, nikiwa nimestaafu na nina muda wa kusoma magazeti kwa utulivu, naliona likiwaponza hata wanaotufasiria habari za nje. Neno lenyewe ni "stomach". Kila mtu anajua kwamba maana yake ni tumbo, na tatizo linaanzia hapo hapo.

Tuanze na mwili, ambako mtu angedhani hakuna utata. Daktari wa Kiingereza akisema "stomach" anakusudia mfuko mmoja tu, ule unaopokea chakula kutoka kwenye umio na kukisaga pamoja na asidi kabla ya kukipitisha kwenye utumbo mwembamba. Tumbo letu ni pana kuliko hivyo: linaanzia chini ya mbavu hadi kwenye kinena, limebeba mfuko huo, utumbo wote na hata mtoto, ndiyo maana husema kwamba fulani na fulani ni ndugu wa tumbo moja, jambo ambalo ukilitamka kwa Kiingereza kwa kutumia "stomach" utaonekana kusimulia habari ya watu waliomezwa. Mwingereza wa kawaida naye, nje ya hospitali, huliita eneo lote la mbele kwa jina hilo hilo, na aliyelala kifudifudi kwake amelala juu ya "stomach" yake. Lakini dada yetu mwenye tumbo la hedhi, akimwambia daktari mgeni neno hilo peke yake, asishangae akianza kuulizwa amekula nini jana usiku. Na pale Waingereza wanapopaita shimo la "stomach", sisi twapaita chembe cha moyo. Nao kwa upande wao huita kiungulia kuungua kwa moyo, ingawa asidi inayounguza inatoka tumboni. Hakuna lugha iliyochora mwili kwa rula.

Utata mkubwa zaidi uko kwenye maana zisizo za mwili. Zamani neno hili lilibeba pia hamu ya kula, na kutoka kwenye hamu ya kula likahamia kwenye hamu ya jambo lolote linalohitaji ujasiri, hasa vita. Mwaka 1588, Hispania ilipotuma merikebu zake kuishambulia Uingereza, Malkia Elizabeth wa Kwanza aliwaendea askari wake Tilbury, na katika hotuba ambayo imehifadhiwa kwa jina lake anasema kwamba mwili wake ni wa mwanamke dhaifu, lakini anao moyo na "stomach" ya mfalme. Niliwahi kulipa darasa sentensi hiyo walifasiri, na karibu wote waliniletea "moyo na tumbo la mfalme". Darasa zima likacheka, kwa sababu kwetu tumbo la mfalme ni kitambi. Mmoja tu, msichana aliyekaa nyuma na asiyependa kusema, aliandika "moyo na ushupavu wa mfalme". Nilimpa alama zote.

Maana hiyo haijafa. Mwandishi wa London akiandika kuwa chama fulani hakina "stomach" ya uchaguzi mwingine, hazungumzii njaa wala ugonjwa. Anasema hakina moyo wa kuingia tena katika kinyang'anyiro. Kiswahili kinalo neno la kuwekwa pale, nalo ni moyo, au ari, au hamu, kulingana na sentensi.

Neno hili hutumika pia kama kitenzi, na historia yake hapo ni ya ajabu kidogo. Katika karne ya 16, "to stomach" jambo ilikuwa kulichukia na kulibakiza rohoni, yaani kulifungia kinyongo. Kilatini, ambacho Kiingereza kililipata neno hili kwacho kupitia Kifaransa, nacho kiliweka hasira mahali hapo hapo. Baadaye maana ikageuka, na leo kitenzi hicho ni kuvumilia, ingawa mara nyingi husikika katika ukanushi: mtu hawezi "to stomach" uonevu, au uongo, au shemeji yake. Sisi tungesema hastahimili, au kwamba jambo lenyewe halimezeki. Tusiwacheke Waingereza kwa kuweka hasira tumboni, maana kinyongo chetu kimetoka kwenye nyongo, na aliyekatishwa tamaa twasema amekatwa maini.

Kuna mahali ambapo lugha hizi mbili zinakaribiana hadi kugusana, na hapo ndipo watafsiri wanaponisikitisha zaidi. Mwingereza mwenye wasiwasi kabla ya mtihani husema ana vipepeo tumboni, na nimewasoma vipepeo hao zaidi ya mara moja katika Kiswahili, wakirukaruka bila sababu. Gazeti lolote la mjini lina dawa yake kwenye ukurasa wa kwanza: vigogo wakisikia fununu za mabadiliko ya baraza huandikwa kuwa "matumbo joto". Kwa nini tuazime vipepeo?

Lipo pia neno jirani, "guts", ambalo kwa maana ya mwili ni utumbo, na ambalo kwa kiasi kikubwa limerithi kazi ya ujasiri ambayo "stomach" ilikuwa ikiifanya. Atakayelifasiri neno kwa neno, akaandika kuwa waziri wa nchi fulani ameonyesha utumbo, ajue kuwa kwa msomaji wa hapa amemtukana, kwani anayeongea utumbo kwetu anaongea upuuzi.

Kwa wanafunzi nina la kuongeza kuhusu matamshi. Herufi "ch" katika neno hili haisomwi kama katika chai, bali kama "k", kwa kuwa asili yake ni Kigiriki, ambako neno lilimaanisha koo na limetokana na jina la kinywa. Kwa sababu hiyo hiyo wingi wake ni "stomachs", bila "e" ambayo wengi huipachika.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Habari iliyofasiriwa kutoka Kiingereza inapofika mezani pako ikiwa na tumbo ndani yake, mwulize aliyeileta kama kuna mtu katika habari hiyo aliyekula, aliyeumwa au aliyebeba mimba. Akijibu hapana, mrudishie aifasiri upya.

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza,
Tanga