Barua kwa mwanangu: usiniambie tena kuwa huna cha kuficha

Tanga

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikikaribia neno lenyewe unasema, "Mama, yale yamekwisha," halafu mtandao unakatika. Barua hii utaisoma ndani ya basi, na njia ya Dodoma ni ndefu.

Deni la ule mkopo wa simu limelipwa, alhamdulillah, silirudii. Shilingi laki moja na ishirini si aibu, na katika ukoo huu hakuna ambaye hajawahi kukopa. Kinachoninyima usingizi ni lile jibu lako wakopeshaji walipowatumia watu wako ujumbe wa deni hilo: "Waache watume, mimi sina cha kuficha." Ulilisema kishujaa. Mimi nililisikia kama la mtu anayelala mlango wazi kwa kuwa yeye mwenyewe si mwizi.

Hebu nikueleze ujumbe ule ulivyoingia huku nyumbani, maana wewe hukuuona tulivyouona sisi. Ulianza kwangu asubuhi, naepua maandazi. Majina yako yote matatu kwa herufi kubwa, chini yake picha yako ya kitambulisho, kisha: HUYU NI MDAIWA SUGU. UMETAJWA KUWA MDHAMINI WAKE. MWAMBIE ALIPE LEO. Nikadhani simu yako imeibwa. Kabla sijakupigia, mjomba wako Bakari akapiga, naye kaupata. Fundi Hamisi aliyekushonea gauni la mahafali, kaupata. Ustadhi wako wa chuoni, mzee wa watu asiyeona vizuri, alimpa mjukuu wake amsomee, na mtoto akausoma kwa sauti mbele ya wenzake. Adhuhuri ulikuwa umefika kwa mama yake Idrisa, ambaye hukutaka kabisa ajue.

Katika wote hao, nani alikopa kwa watu wale? Hakuna. Namba zao walikupa wewe kwa kukuamini, nawe ulizitoa zote kwa kubonyeza "ruhusu" mara moja. Ndivyo hii mikopo ya mtandaoni inavyofanya kazi, hasa hii ya kausha damu: kabla haijakupa senti inakuomba majina yaliyomo kwenye simu, nyingine hadi meseji, ione mshahara unaingia lini na salio limebaki kiasi gani. Dhamana yao si ng'ombe wala kiwanja. Dhamana yao ni aibu yako, na aibu hiyo wanaihifadhi kwenye simu za watu wako.

Na sasa nikuambie la shangazi yako Mwanamvita. Ile namba yake mpya wanayo watu wachache, wewe mmoja wao, na unajua kwa nini aliibadilisha. Alipoona ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua, unamtaja jina lake, aliamini kwamba yule bwana anayemkimbia kampata. Alifunga mlango siku mbili. Mpaka leo hajakulaumu, wala hatakulaumu, ndiyo maana nakulaumu mimi. Wewe huna cha kuficha, sawa. Yeye anacho, na alikukabidhi wewe umtunzie.

Usinielewe vibaya. Najua kodi ilikuwa imefika, mshahara bado, nawe hukutaka kutusumbua. Najua pia kwamba msichana wa mtaa huu kuajiriwa maabara ya hospitali si jambo dogo, na baba yako kila anayepita barazani anaambiwa. Jana kamwambia mpaka muuza mkaa.

Lakini fikiri kazi yenyewe unayokwenda kuifanya. Watu watakutolea damu yao. Wengine watakuja kupima malaria tu, watakutwa hawana, watakwenda zao wazima. Utatoka koridoni ukatangaze: fulani bin fulani, damu yake safi? Hana cha kuficha huyo, mbona usitangaze? Hutatangaza, kwa sababu majibu ni yake. Akitaka kumwambia mkewe atamwambia, akitaka kunyamaza atanyamaza. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya aliyepima, na haikusema siri hiyo ni ya wagonjwa peke yao. Hilo unalijua kuliko mimi, umelisomea. Nashangaa tu kwamba heshima utakayompa mtu usiyemjua, wewe mwenyewe unajinyima.

Ukweli hata ukiwa ukweli una mahali pake. Kwamba unadaiwa lilikuwa jambo la kweli. Ungeniambia mimi, lingekuwa habari na tungetafuta njia. Lilipofika kwa mama yake Idrisa likawa silaha. Deni ni lile lile na kiasi ni kile kile. Waliochagua nani ajue ni wao, si wewe, na hapo ndipo waliponyang'anya kitu kikubwa kuliko laki na ishirini.

Tena sisi hatukufundishwa hivyo. Rudi kwenye Suratun Nur, aya ya 58. Hata watoto wa nyumbani na wanaotutumikia wameamriwa waombe ruhusa kabla ya kuingia nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya isha. Mume na mke wako katika halali yao. Hakuna dhambi ndani ya chumba kile, hakuna wizi, hakuna njama, na bado mlango umewekewa heshima, mpaka kwa mtoto wao wa kumzaa. Mwenye kusema faragha ni ya wenye madhambi aisome aya hiyo kwanza. Hata Katiba yetu, Ibara ya 16, inahifadhi nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake. Haikuandika "isipokuwa wasio na cha kuficha."

Mambo ya daftari lako la Kidato cha Tatu tuyaache yalipo. Naliona bado lipo chini ya sanduku, na kufuli ni lile lile ulilonunua mwenyewe baada ya siku ile liliposomwa bila ruhusa yako. Ulikuwa na haki ya kulinunua. Kwa hiyo usiniambie kwamba hujui ninalosema.

Utasema mambo yale yamepita. Hayapiti hivyo. Mama mdogo wa Mombasa alitusimulia foleni za Nairobi mwaka 2023, pale kwenye jumba la mikutano la KICC, vijana wanasukumana wapigwe picha ya mboni za macho na kampuni ya Worldcoin, wapewe sarafu za mtandaoni zenye thamani ya kama shilingi elfu saba za Kenya. Wengi walisema kama wewe: jicho langu lina siri gani? Mwezi Agosti mwaka huo huo serikali yao ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile zifutwe. Karibu miaka miwili, Zuhura. Miaka miwili macho ya watu yako mikononi mwa wengine huku mabishano yanaendelea. Namba ya siri ikivuja unaibadilisha jioni hiyo hiyo. Jicho utalibadilisha na nini? Na alama za vidole je, ambazo ndizo zilizosajili laini yako?

Hilo linanikumbusha: piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika usiku usiingie. Kitambulisho usimwachie wakala "nitakurudishia baadaye." Kivuli chake usiache steshenari ya kudurufu. Na zile nakala za vyeti unazotuma WhatsApp kwa kila anayesema ana nafasi ya kazi, zimetosha, kazi umeshapata.

Baba yako kanikatia gazeti, nimelikunjia ndani ya bahasha. Lipo la Benki Kuu, Novemba 2024, walipotaja programu 69 zinazokopesha bila leseni. Lipo pia la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake unayoweza kuipelekea malalamiko. Nataka uyapeleke. Najua umechoka na jambo hili, ila ule ujumbe mimi sijaufuta, wala mjomba wako, na Fundi Hamisi kasema yuko tayari kuonyesha simu yake. Mkopeshaji ana haki ya kudai pesa yake. Hana haki ya kumdai ustadhi. Na kuifuta programu kwenye simu hakufuti majina waliyokwisha kuyachukua, kwa hiyo andika, waambiwe wayafute, na upate jibu kwa maandishi.

Shangazi yako mpigie, usimwandikie meseji. Mpigie ukifika, kabla hujafungua mizigo.

Haya, ya nyumbani. Ndani ya kapu la ukili kuna machungwa ya Muheza. Ya chini ndiyo mabivu, anza nayo. Mchele kilo kumi, na chupa ya samli nimeifunga mifuko miwili, iweke wima. Dodoma usiku kuna baridi, nimetia lile blanketi la kijivu ingawa ulilitoa. Bati la jikoni limeanza kuvuja tena upande wa kisima, fundi anataka elfu sitini na mimi nimemwambia asubiri. Mdogo wako kafaulu hesabu safari hii, mpongeze, ila simu yako ya zamani usimpe mpaka uisafishe kila kitu kilichomo. Kila kitu.

Hela ya kodi ya miezi mitatu nimeitoa kwenye mchezo wetu, zamu yangu ilifika Jumamosi. Anayo mjomba wako, atakutumia ukishaona chumba na kumjua mwenye nyumba. Ukipungukiwa kabla ya mshahara, nipigie mimi, hata iwe saa sita ya usiku. Kama sina, nitakwenda kuomba kwa jirani kwa mdomo wangu mwenyewe, na atakayejua nitamjua.

Wasalaam,
Mama yako