Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH: mkutubi aandikwe kwenye andiko la mradi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Sayansi na Teknolojia,
Kijitonyama, Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: MKUTUBI KUWA MJUMBE WA TIMU YA UTAFITI

Sisi ni wakutubi tunaohudumia watafiti wa vyuo vikuu jijini Dar es Salaam. Tuna ombi moja. Katika wito ujao wa maombi ya fedha za MTUSATE (Mfuko wa Taifa wa Uendelezaji wa Sayansi na Teknolojia), andiko lolote lenye mapitio ya kimfumo, yaani kutafuta na kuchambua kwa utaratibu tafiti zote za swali moja, au lenye ukusanyaji wa data litakiwe kumtaja mkutubi wa mradi: jina lake, kazi zake na fungu lake katika bajeti.

Mazoea ni kumwita mkutubi mwishoni, makala ikisharudishwa na wahakiki. Hapo mengi yamekwisha haribika. Mwongozo wa PRISMA wa 2020 wa kuripoti mapitio ya kimfumo, kipengele cha 7, unamtaka mwandishi aonyeshe mkakati mzima wa utafutaji kwa kila kanzidata, pamoja na vichujio alivyotumia. Mtafiti aliyeandika maneno matatu kwenye PubMed, kanzidata ya makala za tiba, mwaka jana bila kunakili fomula ya utafutaji wala tarehe hana cha kuonyesha, na akirudia leo matokeo yamebadilika. Inabidi atafute upya, aondoe makala zilizojirudia, achuje na asome tena.

Mkutubi aliyeko tangu mwanzo hulichukua swali la utafiti na kuligawa katika dhana mbili au tatu. Kila dhana huitafutia istilahi za MeSH, yaani istilahi sanifu za tiba ambazo makala huwekewa, na pia maneno ya kawaida yanayotumika kwenye vichwa vya makala na ikisari. Vyote viwili vinahitajika: MeSH peke yake huacha makala mpya ambazo hazijawekewa istilahi, na maneno peke yake humwacha mwandishi aliyeliita jambo lilelile kwa jina jingine. Tahajia nazo hupoteza watu, maana anayeandika anemia bila anaemia ameziacha makala nyingi zilizoandikwa kwa tahajia ya Uingereza. Kwetu kuna tatizo la mahali. Ukitafuta neno Tanzania tu katika vichwa na ikisari, unazikosa makala zinazotaja Pemba, Ifakara au Korogwe bila kutaja nchi. Baada ya PubMed inafuata AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, kisha hazina za tasnifu za vyuo vyetu, ambako kuna utafiti mwingi wa Tanzania usiofika kwenye majarida. Google Scholar inasaidia, lakini haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja, kwa hiyo haiwezi kuwa msingi wa mapitio ya kimfumo. Fomula ikikamilika, mkutubi wa pili huikagua kwa PRESS, orodha ya kuhakiki mikakati ya utafutaji, kabla haijatumika. Kosa la kuweka AND (na) mahali pa OR (au) hugunduliwa hapo kwa dakika chache. Likigunduliwa na mhakiki wa jarida, kazi nzima inaanza upya.

Kwenye data hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu uwandani hakurudiki kirahisi. Excel hufuta sifuri ya mwanzo ya namba ya simu, hivyo 0754 inakuwa 754. Tarehe 03/04 husomwa Aprili 3 kwenye kompyuta moja na Machi 4 kwenye nyingine. Msimbo 99 uliomaanisha hakujibu huingia kwenye wastani wa umri. Kinga yake ni nyepesi ikiwekwa mapema: safu ya simu ipangwe kuwa matini kabla ya kuingiza chochote, tarehe ziandikwe 2025-04-03, na kila kigezo kielezwe katika jedwali la misimbo linalokaa pamoja na data. Ziwepo nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo.

Kuna jambo ambalo baadaye halirekebishiki kabisa, nalo ni fomu ya ridhaa. Ikiwa haikusema kwamba data zitahifadhiwa na huenda zikatumiwa na watafiti wengine, washiriki wakishatawanyika hakuna wa kuombwa ruhusa, na data zilizogharimu fedha za umma hubaki kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Mkutubi aisome fomu hiyo kabla haijapelekwa kwenye kamati ya maadili. Hapohapo timu ipange majina na simu vikae faili tofauti na majibu, kama inavyofaa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 2000 jarida la tiba la Marekani, Annals of Internal Medicine, lilichapisha pendekezo la kuwa na mtaalamu wa taarifa ndani ya timu za hospitali, na maktaba kadhaa za tiba huko zililifanyia kazi.

Kuhusu gharama, tunapendekeza asilimia 10 ya muda wa mkutubi kwa mradi, ipande hadi 30 katika miezi ya utafutaji. Asibebe zaidi ya miradi mitatu kwa wakati mmoja. Akizidishiwa atarudi kuwa mtu wa kujibu barua pepe. Akibuni utafutaji, akaandika sehemu ya mbinu na kuipitisha makala ya mwisho, awe mwandishi mwenza. Shukrani za ukurasa wa nyuma hazitoshi kwa kazi hiyo.

Tunajua wakutubi ni wachache na si wote waliofunzwa kazi hii. Kwa sababu hiyo tunaomba muanze na mapitio ya kimfumo peke yake kwa awamu moja ya ruzuku. Kila andiko liambatishe barua ya mkuu wa maktaba inayotaja saa ambazo mkutubi ataachiwa kila wiki na nani atashika zamu yake kaunta. Bila barua hiyo, jina litakuwa kwenye andiko na mtu mwenyewe atakuwa anagonga mihuri ya vitabu.

Wenu katika kazi,
Wakutubi wa huduma za utafiti, Dar es Salaam